Gari lako, nati zako: Spana ya toki ya bei nafuu, na namna ya kuijaribu kwa mtungi wa maji

Simama Emali dakika kumi tu, pale malori ya kutoka Mombasa yanapopumzikia, na utaona kitu ambacho wengi wetu tumekizoea. Gurudumu limebadilishwa. Fundi anachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili liwe refu, anapanda juu, anaruka mara mbili. Nati inalia kidogo. Kazi imekwisha, dereva anatoa pesa, safari inaendelea.

Kwa lori, hiyo ni stori nyingine. Shida ni pale Vitz au Probox inapofanyiwa vivyo hivyo. Nati ya gari dogo ina kiwango chake, na kiwango hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Lakini nani amewahi kukiuliza?

Tunaongea hapa kuhusu chombo kimoja: spana ya toki. Toki ni ile nguvu ya kuzungusha unayoweka kwenye nati. Spana ya kawaida inakaza tu, haikwambii kitu. Spana ya toki inakupimia, na ukifika kiwango ulichokitaka inakuambia. Nyingi hulia "tik". Watu wengi mtaani hudhani ni kifaa cha gereji za wahindi kule Industrial Area. Si kweli. Msee wa kawaida wa Kitui, Wote au Mwingi anayebadilisha magurudumu yake mwenyewe nyumbani anaweza kumiliki moja, bora ajue anachonunua.

Kwa nini ujisumbue

Kuna hatari mbili, na watu wengi wanaogopa moja tu.

Ya kwanza ni nati kulegea. Hii kila mtu anaijua. Gurudumu linaanza kutikisika, unasikia mtetemo kwenye usukani, na ukipuuza, zile skrubu zinazoshika gurudumu, mafundi huziita stadi, zinakatika moja baada ya nyingine. Kwenye barabara ya murram yenye mawe na mitaro, hilo halichukui muda.

Ya pili ni nati kukazwa kupita kiasi. Hii haiogopeshi mtu kwa sababu "imekazwa sana" inasikika kama "imekazwa vizuri". Lakini stadi ni chuma, na chuma kinavutika. Ukikivuta kupita uwezo wake hakirudi tena, kinabaki dhaifu, na siku moja kinakatika bila kukupigia hodi. Pia diski ya breki inaweza kupinda, kisha kila ukikanyaga breki gari linatetemeka na unaanza kulaumu vitu vingine.

Halafu kuna hili ambalo linatuhusu sisi wa Ukambani moja kwa moja. Fikiria uko kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, kati ya Ikutha na Mutomo. Ni jioni. Mwiba umetoboa tairi. Una spea, una jeki, una ile spana ndogo iliyokuja na gari. Swali ni moja tu: nati zitafunguka?

Tupige hesabu. Mimi chuo niliachia njiani, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Toki ni uzito unaoweka mara urefu wa mpini. Magari mengi madogo ya Toyota, pamoja na Vitz na Probox, nati zake za magurudumu zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103, yaani 103 Nm. Kwa spana ya sentimita 30, hiyo ni kama kuweka uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya mpini. Karibu mtu mzima yeyote anaweza.

Sasa chukua fundi wa kilo 70 aliyesimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 40. Hata asiruke. Ameweka takriban 275 Nm, zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango. Ili ufungue nati hiyo kwa spana yako ya sentimita 30, utahitaji kilo 93 hivi kwenye ncha. Dadako wa kilo 58 atasimama juu ya ile spana, atarukaruka, na nati haitasogea. Atabaki pale akingoja msamaria, gizani, simu ikiwa na chaji asilimia 9. Aliyemfanyia hivyo ni mtu aliyedhani anamsaidia.

Ndiyo maana nasema spana ya toki si urembo wa watu wa YouTube. Inahakikisha nati haitafunguka yenyewe, na pia kwamba itafunguka wewe ukitaka.

Aina zilizopo

Chombo hiki si kipya. Mwaka 1918, Mmarekani aitwaye Conrad Bahr aliyekuwa akifanya kazi na idara ya maji ya jiji la New York alitengeneza spana ya aina hii ili bolti za mabomba ya chini ya ardhi zisikazwe kupita kiasi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, madukani utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni ya mshale. Ina mpini unaopinda kidogo ukikaza, na mshale mwembamba usiopinda unaokuonyesha namba kwenye kibao. Haina springi ya kuchoka wala betri. Mshale ukiwa haulali kwenye sifuri, unauinamisha taratibu mpaka urudi. Ubaya wake ni kwamba lazima uitazame unapokaza, na ukiwa umechuchumaa kando ya gurudumu jua likikuchoma kisogo, kusoma kibao si rahisi. Ila kwa mtu mwenye pesa kidogo na subira, ni chombo cha heshima kabisa.

Ya pili ni ya "tik". Unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unafunga loki, unakaza. Ikifika inalia na unasikia mpini ukilegea kidogo mkononi. Hii ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo ningependekeza kwa wengi.

Ya tatu ni ya dijitali. Ina skrini, inapiga kelele, inatumia betri. Ni nzuri, lakini kwa kazi ya nyumbani unalipia vitu ambavyo hutavitumia.

Chagua ukubwa kabla ya jina

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Mtu anaingia dukani, anaona spana inayong'aa kwenye kasha jekundu, anauliza bei, analipa. Hakuangalia namba.

Spana ya toki ina kiwango cha chini na cha juu. Zile zenye kichwa cha nusu inchi mara nyingi zinapima kutoka 28 hadi 210 Nm. Zile za tatu ya nane ya inchi, yaani 3/8, mara nyingi ni 20 hadi 110 Nm. Zile ndogo za robo inchi ni kama 5 hadi 25 Nm.

Kuna kanuni ambayo ukiishika umemaliza nusu ya kazi: usiiamini sana spana yako chini ya asilimia 20 ya kiwango chake cha juu. Yaani ile ya 210, chini ya 42 hivi mashaka yanaanza. Pia usiinunue ile ambayo kazi yako kubwa itaipeleka ukingoni kabisa. Tafuta ambayo namba yako inaangukia katikati.

Sasa jiulize utafanya kazi gani. Kama ni magurudumu, Toyota nyingi ni 103, na magari mengi madogo ya abiria yanazunguka kati ya 90 na 120. Usikisie, fungua kitabu cha gari lako. Spana ya nusu inchi ya 28 hadi 210 inaliweka jambo hili katikati kabisa. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Kama unataka pia kumwaga oili mwenyewe, nati ya chini ya injini kwenye Toyota nyingi ndogo hukazwa kama 37 Nm. Plagi ni chini zaidi, kati ya 18 na 25 kwa injini nyingi za aina hiyo. Spana ya nusu inchi si ya kazi hizo. Na hapo kukosea kuna gharama, kwa sababu kichwa cha injini ni aluminiamu, na uzi wa plagi ukikatika unaanza kutafuta fundi wa mashine. Ukifika huko, nunua ya pili ya 3/8. Lakini anza na magurudumu, hapo ndipo maisha ya watu yapo.

Angalia pia soketi. Nati nyingi za Toyota, Nissan na Mazda zinataka soketi ya milimita 21, Subaru nyingi ni 19. Kama kasha halina soketi hiyo, ipigie bajeti.

Pesa ngapi, na wapi

Kwa ile ya "tik" ya nusu inchi, jipange kwa bajeti ya kati ya Sh3,000 na Sh7,000. Kuna spana za Ujerumani, Uingereza na Marekani zinazogharimu mara nyingi ya hapo. Ni za mtu anayefungua injini kila siku. Wewe unakaza nati 16 mara chache kwa mwaka. Majina kama Ingco, Total na Tolsen yamejaa kwenye hadiwea nyingi za Kenya, na kwa matumizi ya nyumbani si lazima uende mbali zaidi.

Kama hadiwea za Kitui mjini au Wote hazina, Nairobi kuna Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Mtu wako akikununulia, akupigie picha ya namba zilizoandikwa kwenye mpini kabla hajalipa, kisha mzigo uje na matatu kama parseli. Ukinunua mtandaoni, chagua kulipa baada ya kuletewa ikiwezekana.

Dukani fanya haya bila haya. Angalia kama kuna karatasi ya vipimo ndani ya kasha, ikitaja kiwango cha ISO 6789. Kiwango hicho kinaruhusu spana za ukubwa huu kukosea kwa asilimia 4 tu juu au chini, yaani ukiiweka 103 iwe kati ya 99 na 107. Angalia stika ya KEBS ya bidhaa za nje. Zungusha mpini: uende laini, usikwame, namba zisomeke bila kukisia. Hakikisha kuna alama ya Nm. Nyingine zina paundi-futi pia, na mtu akichanganya amekwisha: 103 ya paundi-futi ni kama 140 Nm.

Vipi mtumba? Gikomba na kwingine utapata spana za ng'ambo zenye majina makubwa kwa bei ya huruma. Tatizo hujui imeangushwa mara ngapi, wala kama ililala miaka mitano springi ikiwa imekazwa. Sikukatazi. Ila usiitumie kabla ya jaribio linalofuata.

Jaribio la mtungi

Ukambani hakuna boma lisilo na mtungi wa lita 20. Tumeubeba, punda wameubeba, tumepanga nao foleni kwenye kioski cha maji. Sasa utatufanyia kazi nyingine.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa lita 20 uliojaa, pamoja na plastiki yake, ni kama kilo 21. Usiniamini mimi, upeleke kwa mnunuzi wa ndengu mwenye mizani ya kuning'iniza na uupime. Ukizidi, mwaga kidogo.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani, muombe vaisi yake dakika tano. Bana kile kichwa cha mraba cha spana kwenye ubavu wa meno ya vaisi, mpini ulale sawasawa kama rula mezani, ukielekea mkono wako wa kulia unapoitazama spana kutoka nyuma. Hakikisha ile swichi iko upande wa kukaza. Pima sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa cha mraba hadi kwenye kishikio, weka alama, funga kamba hapo.

Weka spana 80 Nm. Ning'iniza mtungi taratibu, usiuachilie kwa kishindo, na miguu yako ikae mbali. Inatakiwa kulia "tik". Ondoa mtungi, weka 90 Nm, rudia. Sasa inatakiwa kunyamaza.

Kwa nini? Kilo 21 kwa sentimita 40 ni kama 82 Nm, na mpini wenyewe una uzito wake unaoongeza Nm mbili au tatu. Jumla ni 85 hivi. Spana nzuri iliyowekwa 80 lazima iwe imelia, na iliyowekwa 90 lazima ingoje. Ikilia kwenye 90, itakulegezea nati kuliko unavyodhani. Ikinyamaza kwenye 80, itakukazia kupita kiasi. Rudia mara tatu. Majibu yakibadilikabadilika, irudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti yako.

Hili si jaribio la maabara. Anayetaka cheti, KEBS ina maabara za vipimo Nairobi, na kuna kampuni za binafsi pia, ila gharama inaweza kuishinda spana yenyewe. Mtungi unakuonyesha tu kama spana inasema kweli au inakudanganya, na kwa nati za magurudumu hilo ndilo la muhimu.

Kuitumia na kuitunza

Gari likiwa kwenye jeki, kaza nati kwa mkono kisha kwa spana ya kawaida mpaka zishike. Lishushe chini. Sasa leta spana ya toki. Usikaze kwa mzunguko wa saa, kaza kwa msalaba: moja, kisha ya upande wa pili yake. Vuta polepole. Ikilia "tik" simama. Wapo wanaopenda kuisikia ikilia mara tatu nne kwa raha zao, lakini kila ukirudia unaongeza.

Uzi uwe safi na mkavu. Usipake oili wala grisi, kwa sababu nati inateleza zaidi na kipimo kile kile kinaivuta stadi kupita kiasi. Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100, kagua tena. Hapo utakapoegesha baada ya safari hiyo ndipo pa kukagulia.

Usiitumie kufungua nati. Hiyo ni kazi ya spana ya kawaida. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, lakini usiilegeze kupita hapo. Ilale kwenye kasha lake, mbali na vumbi. Ikianguka sakafuni, mtungi tena. Kiwango cha ISO kinataka spana ikaguliwe kila miezi 12 au baada ya kutumika mara 5,000. Kwa gari la nati 16, hiyo ya 5,000 ni kukaza magurudumu yote zaidi ya mara 300, kwa hivyo wewe shika kalenda: mtungi mara moja kwa mwaka.

Na fundi wako je?

Hapa ndipo wengi wanaona haya. Fundi wa tairi amekuzidi miaka 20, amefunga magurudumu tangu hujazaliwa, halafu wewe unatoa kasha lako jekundu mbele ya watu. Atakwambia mkono wake ndio mashine. Usibishane naye. Mkono wake unajua mengi, ila mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni baada ya malori 12, na mashine ya upepo haina mkono kabisa.

Ongea naye kwa adabu. "Mzee, naomba unishikishie tu, mwisho nitamalizia na hii yangu." Wengi hawakatai. Wengine watataka kuishika, kuisikia ikilia. Mpe ajaribu. Pengine mwezi ujao utamkuta na yake.

Na kama Sh5,000 ni nyingi, mbona mnunue kila mtu yake? Watano kwenye ploti moja, Sh1,000 kila mtu. Andikeni nani anaitunza, nani ameichukua, na sheria moja tu: inarudi kwenye kasha ikiwa imeshushwa namba. Chama kinachonunua sufuria za harusi kinaweza kununua spana moja.

Wikendi hii anza na kitu cha bure. Chukua spana iliyokuja na gari lako, jaribu kufungua nati moja tu ya kila gurudumu, kisha uikaze tena. Kama kuna inayokushinda, nenda ikafunguliwe sasa, mchana, karibu na gereji. Kisha mpe ndugu au dada anayeliendesha gari hilo naye ajaribu. Spana ikimshinda hapo nyumbani, itamshinda pia Mutomo usiku.